Percy Jackson ya 2010: yule mtoto wa miaka 12 mmempeleka wapi?

Wakuu, nimekereka na uzi ni mrefu, mnivumilie.

Jumamosi usiku nimekaa na mtoto wa dada yangu kuangalia Percy Jackson, ile muvi ya kwanza ya mwizi wa radi iliyotoka Februari 2010. Najua ni ya zamani. Mimi mwenyewe niliiona kitambo kabla sijakigusa kitabu, nikaifurahia, ikapita. Safari hii nimeiangalia nikiwa nimetoka kumsomea huyu kijana kitabu kizima, sura kwa sura, karibu miezi miwili, kila jioni baada ya kula. Nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namsimulia kwa Kiswahili.

Kijana ana miaka 12, yuko darasa la sita, na kusoma kwake bado ni vita. Anaweka kidole kwenye mstari, anafika katikati, anapotea, anarudi mwanzo, jasho linamtoka puani. Shuleni wameshamwita kila jina. Sasa pigeni picha siku aliposikia kuna stelingi wa miaka 12, Percy, ambaye herufi zinamkimbia kwenye karatasi, amefukuzwa shule moja baada ya nyingine, halafu anakuja kuambiwa kwamba yeye ni mtoto wa Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, na akili yake haina kasoro: imeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na kule kutotulia kwake ndiko kutakakomweka hai vitani. Aliniambia nirudie hapo. Nilirudia mara tatu.

Tukawasha muvi. Percy anaonekana amekaa chini kabisa kwenye bwawa la kuogelea. Kijana akanigeukia: "Mjomba, huyu ni kaka yake?"

Logan Lerman, aliyeigiza Percy, alikuwa na miaka 17 walipoipiga. Ni mwigizaji mzuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na waliokaa mezani wakaamua mtoto wa miaka 12 awe jibaba la sekondari. Kwenye vitabu umri ndio injini ya hadithi yote! Kuna utabiri kwamba mtoto wa mmoja wa miungu wakubwa watatu, yaani Zeus, Poseidon au Hades, akifikisha miaka 16 ndipo hatima ya Olympus, makao ya miungu, itaamuliwa. Vitabu vitano vinahesabu kuelekea siku hiyo. Wao wameanzia karibu kabisa na mstari wa kumalizia, halafu utabiri wenyewe hawakuugusa.

Na msiniambie watoto wadogo ni wagumu kuwaongoza. Aliyeiongoza hii muvi ni Chris Columbus, yule yule aliyeongoza Harry Potter ya kwanza, ya 2001, ambayo Daniel Radcliffe aliianza akiwa na miaka 11. Kazi hiyo aliijua kuliko karibu kila mtu Hollywood. Hata Rick Riordan, mwenye hadithi, aliwaandikia watayarishaji mwaka 2009 akiwaonya kuhusu umri, na baadaye barua hizo akaziweka hadharani. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, na hadithi hii aliianza kwa kumsimulia mwanawe wakati wa kulala, mtoto mwenye shida hiyo hiyo ya kusoma na kutotulia. Alijua anamwandikia nani. Hawakumsikiliza.

Tuje kwa Wagiriki wenyewe, maana hapa ndipo nilipotaka kuzima. Zeus, mfalme wa miungu, ameibiwa radi yake na anataka irudishwe kabla ya usiku wa manane wa siku ndefu kuliko zote ya kiangazi, mwezi Juni. Sawa. Halafu Percy na marafiki zake wawili wanashuka kuzimu kumfuata mama yake, wanamkuta Persephone, mke wa Hades, yuko nyumbani! Jamani. Persephone alikula punje za komamanga kule chini, akafungwa: theluthi moja ya mwaka anakaa na Hades, miezi iliyobaki yuko juu kwa mama yake Demeter, ndiyo maana maua yanachanua. Kiangazi hawezi kuwa kuzimu. Kitabuni Percy anakiona kiti chake kitupu na anajua sababu. Kosa la namna hiyo mtu halifanyi kwa kukosa pesa. Analifanya kwa kutojali.

Hades naye wamempa mabawa na moto, shetani mtupu. Kwa Wagiriki Hades ni mfalme wa wafu, mkali, mzito, lakini si ibilisi anayechoma watu. Ares, mungu wa vita, sehemu yake yote ya kitabuni imeondolewa, na ile vita ya ufukweni Santa Monica imekwenda naye. Kronos, baba yake Zeus aliye nyuma ya wizi kitabuni, hayumo kwenye njama, kwa hiyo Luke, kijana mwingine mtoto wa mungu, anaiba radi kwa hasira zake tu, hakuna aliye nyuma yake.

Nitakuwa mkweli, Uma Thurman kama Medusa, yule ambaye ukimtazama machoni unageuka jiwe, yuko vizuri, na lile wazo la Percy kumtazama kwenye mgongo wa iPod ni zuri. Basi.

Kilichoniuma hasa ni lulu. Kitabuni Percy anapewa lulu tatu, kila moja inamtoa mtu mmoja kuzimu. Wameingia watatu, na mama yake yuko kule. Watu wanne, lulu tatu. Marafiki zake wote wawili wanajitolea kubaki, na yeye, mtoto wa miaka 12 aliyevuka Marekani nzima kumfuata mama yake, anamwacha mama. Anamwahidi atarudi, anaondoka. Nilipofika hapo kijana aliweka kiganja juu ya ukurasa nisiendelee. Tulikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Soma."

Kwenye muvi anabaki Grover, mmoja wa hao marafiki, na Persephone anamtazama kwa matamanio. Mama anaondoka na mwanawe. Tukio zito kuliko yote kwenye kitabu limegeuzwa kichekesho.

Kijana hakucheka. Alisubiri, nadhani alifikiri kuna kipande kinakuja. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini akauliza, "Kwa hiyo Percy hakumwacha mama?" Nikamwambia hapana, kwenye hii hakumwacha. Akaenda kulala.

Ile ya pili ya 2013, ambayo inamfufua Kronos na kummaliza ndani ya dakika chache wakati vitabu vinamfufua kwenye cha nne na kummaliza kwenye cha tano, sitaiweka ndani ya nyumba hii. Mwenye tamthilia iliyoanza Desemba 2023, ile waliyomrudisha Percy kwenye miaka 12, aniambie kama kiti cha Persephone kiko kitupu na kama mama anaachwa. Nataka kujua hayo mawili kabla sijamwonyesha. Jumatatu tunaanza kitabu cha pili.