Mjadala: Ituri na Kivu Kaskazini, majenerali au mahakimu?

MTOA HOJA

Ndugu zangu, swali ni hili: Kinshasa iendelee kutawala Ituri na Kivu Kaskazini, mikoa ya mashariki mwa Kongo, kwa mkono wa jeshi, au irudishe utawala wa kiraia hata kabla vita havijakwisha? Wengi ninaozungumza nao wanatetea jeshi. Mimi nasema raia warudi, na wa kwanza kurudi awe hakimu wa kesi za ardhi.

Hali ya dharura ya kijeshi ilianza tarehe 6 Mei 2021. Magavana wakawa majenerali, mameya na wakuu wa wilaya wakapisha wanajeshi na polisi, kesi za jinai za raia zikahamia mahakama za kijeshi. Iliwekwa kwa siku 30, halafu Bunge likawa linaiongeza siku 15 kila mara. Watu waliipokea kwa matumaini, na siwalaumu, maana walikuwa wamezika mno. Lakini tazameni yaliyofuata. Februari 2022 wapiganaji wa CODECO, kundi lenye silaha la Ituri, waliingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, wilayani Djugu, wakaua watu karibu 60. Juni mwaka huohuo waasi wa M23 wakautwaa Bunagana, mji wa Kivu Kaskazini mpakani na Uganda. Agosti 2023, mjini Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, wanajeshi wa serikali wenyewe waliua raia zaidi ya 50 waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23.

Tumezoea kusema kwamba huku dola haipo. Ipo! Mwulizeni dereva yeyote anayeshusha maharage kutoka Masisi, huko Kivu Kaskazini. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini, na jeshi la serikali lilikutwa kwenye vizuizi vingi kuliko makundi ya waasi. Askari ambaye mshahara wake ni mdogo, unachelewa, na wakati mwingine unaliwa na wakubwa wake kabla haujamfikia, atakula kwa mwenye gunia. Kwa mwanakijiji, sare ya serikali na ya mwasi zinadai kitu kilekile mahali palepale. Basi akiitwa aitetee serikali, atetee nini?

Sasa ardhi. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo damu ya Ituri ilipoanzia. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya dola. Kwa mashamba ya kimila, yaani karibu ardhi yote ya vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba rais angetoa amri ya kuyaratibu. Miongo ikapita, amri haikutoka. Mwanakijiji akabaki na shamba la babu yake bila karatasi, na mwenye pesa na jamaa ofisini akaweza kupata karatasi ya shamba lilelile. Wilayani Djugu, mwaka 1999, ugomvi wa Wahema wenye hati za mashamba makubwa na majirani zao Walendu waliodai kunyang'anywa kwa nyaraka za kughushi uligeuka vita vilivyoua maelfu. Jeshi la Uganda, lililokuwa likishikilia eneo hilo, lilichochea moto badala ya kuuzima. Jenerali hawezi kuamua mpaka wa shamba. Anaweza kuusimamia kwa siku chache, akiondoka watu wanarudi na mapanga.

MCHANGIAJI WA BUKAVU

Ndugu, umesema vizuri, lakini umemruka aliyeko mlangoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa upande wa M23. Wakaandika pia kwamba M23, kwa kutoza kodi ya koltani, madini yanayochimbwa Rubaya huko Masisi, ilikuwa ikiingiza angalau dola 800,000 za Marekani kwa mwezi. Hakimu wako utampeleka Rubaya akamsomee nani kifungu cha 389? Sisi Bukavu, huku Kivu Kusini, tulitekwa na M23 Februari 2025, na hatukuwa hata chini ya hiyo hali ya dharura. Kwanza mipaka ilindwe, mengine baadaye.

MTOA HOJA

Mwenzangu, pole kwa yanayowapata. Kuhusu Rwanda hatupingani hata kidogo, na sitaki hoja yangu itumiwe kuisafisha. Mvamizi ni mvamizi, na kulinda mpaka ni kazi ya jeshi. Ndiyo maana nataka jeshi lifanye kazi hiyo, liache kuendesha ofisi za meya na kuwahukumu raia.

Ila hiyo "baadaye" yako inanitisha. Ituri haikutekwa na M23. Bunia, makao makuu ya Ituri, ilibaki mikononi mwa serikali miaka yote hii, ina gavana jenerali, na jeshi la Uganda linapigana na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, bega kwa bega na letu tangu Novemba 2021. Bado watu wanachinjwa. Kama hatuwezi kuweka hakimu anayelipwa Bunia, ambako hakuna Mnyarwanda mlangoni, tutamweka wapi?

Pesa za kumlipa zipo katika katiba. Kifungu cha 175 cha katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani, ikatwe hapohapo yanapokusanywa. Hadi leo mikoa inasubiri Kinshasa iwarudishie inachotaka, siku inayotaka. Hilo halihitaji ruhusa ya Kigali.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo kuliko unavyodhani. Tuanze na Bunia, Mahagi na Aru, zote za Ituri, mahali ambapo serikali inaweza kufika kwa gari. Askari alipwe kupitia benki au simu, mshahara usipite mkononi mwa kamanda. Kila wilaya ipate mahakama ya ardhi ikae pamoja na machifu wanaojua mipaka ya zamani, na hukumu zake ziandikwe. Vizuizi visivyo na stakabadhi ya serikali viondolewe, na kamanda wa eneo ajibu kwa kila kimoja kinachobaki.

Wewe ungeanzia wapi, na ungemlipa nani kwanza?