Piki ya safari (DL650) imeanza kula mafuta kupita kiasi, naanzia wapi kutafuta tatizo?

Msafiri_Makambako:
Wakuu heshima kwenu, naombeni msaada maana hili jambo linaninyima raha kabisa. Nina Suzuki V-Strom DL650 ya 2008, ya injekta, tenki lita 22, naitumia kwenda Dar – Makambako kwa ndugu zangu na mara moja moja napitiliza hadi Mbeya. Zamani nikitembea 90 hadi 100 ilikuwa inanipa kilomita 21 kwa lita na ukiibembeleza unapata 22, sasa hivi inanipa 16, kuna siku inashuka hadi 15. Yani nikitoka Dar na tenki limejaa, geji ya mafuta inaanza kupepesa hata sijamaliza mbuga ya Mikumi, wakati zamani ilikuwa inapepesa nakaribia Ruaha Mbuyuni.

Kinachonichanganya zaidi, huku juu Mafinga na Makambako kwenye baridi ndo inakula zaidi kuliko Dar. Mimi ningetegemea foleni za Dar ndo zimalize mafuta.

Plagi mpya, ea klina mpya, oili imebadilishwa. Taa ya injini haiwaki. Rejeta ilikuwa inavuja, gereji moja wakaiziba na kuweka kulanti (maji ya kupozea injini) mpya, na tangu hapo joto halijanisumbua hata kwenye kupanda Kitonga nyuma ya malori. Nguvu ipo, haikohoi. Maboksi matatu ninayo siku zote, abiria sibebi. Msaada wakuu.

Mzee wa Gia Sita:
Pole sana mkuu. Kabla hujafungua chochote hakikisha hiyo 16 ni 16 kweli. Wengi wanapima kwa kuangalia geji ya mafuta au kwa hela waliyotoa sheli, hicho sio kipimo. Simamisha piki kwenye stendi ya katikati (kama huna mtu akushikie iwe wima, maana ikilala kwenye stendi ya pembeni tenki linadanganya), jaza hadi mdomoni pale chuma cha ndani kinapoanzia, zungusha tripu iwe sifuri, tembea ushushe zaidi ya nusu tenki, halafu rudi jaza vilevile kwenye pampu ileile. Kilomita gawa kwa lita ulizoongeza. Kwenye simu washa ramani uone kama kilomita za dashibodi zinaendana na za simu, maana kuna piki zinasoma spidi kutoka kwenye spoketi ya mbele, ukibadilisha idadi ya meno au ukaweka tairi la saizi nyingine na hesabu ya kilomita inabadilika bila injini kula tone la ziada.

Halafu upepo wa matairi. Hiyo piki ukiwa peke yako ni PSI 33 mbele na 36 nyuma, ukiwa na mzigo mzito au abiria nyuma inaenda 41. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, ukipima umeshatembea na jua la Morogoro utaona namba kubwa uridhike bure.

Kijana wa Tabata:
Hayo mafuta yamechakachuliwa tu mzee, wanachanganya na mafuta ya taa. Badilisha sheli utaona.

Mzee wa Gia Sita:
Kijana wangu, hilo lilikuwa tatizo kubwa kweli miaka ile, ndo maana EWURA (wasimamizi wa mafuta Tanzania) wakaanza kuweka vinasaba, yani alama za kutambua mafuta halali, mwaka 2010. Sisemi limeisha kabisa, ila huyu bwana anajaza Dar, Morogoro, Iringa, Makambako, zote haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja kwa kiwango kilekile. Na petroli yenye mafuta ya taa ungeisikia injini inagonga ukifungua moto mlimani, yeye anasema nguvu ipo.

Dereva wa Nakuru:
Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu tuko juu, karibu mita 1,850, na watu hupenda kusema piki inakula mafuta kwa sababu ya mwinuko. Ukweli ni kwamba ile ya kabureta ndiyo huumia, hewa inakuwa nyepesi lakini jeti inatoa petroli ileile, basi mchanganyiko unakuwa mzito na plagi zinakuwa nyeusi. Ya injekta kama yako iko na sensa ya presha ya hewa, ikipanda mlima inapunguza petroli yenyewe. Tena hewa nyepesi haikuzuii sana ukiwa barabarani, kwa hivyo Makambako ilitakiwa ikupe kilomita nyingi kuliko Dar kama barabara ni tambarare. Ikiwa ni kinyume, mimi nisingelaumu mwinuko, ningeangalia kitu kingine ambacho kiko Makambako na hakiko Dar.

Angalia pia breki ya nyuma. Piki zinazopita kwenye vumbi kalipa hushikana taratibu bila wewe kujua. Simamisha kwenye stendi ya katikati, gia iwe nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka kidogo na kusimama papo hapo, toa kalipa, safisha pistoni zake kwa maji ya sabuni na mswaki kabla hujazirudisha ndani, pini zake zipake grisi ya breki. Ukitoka barabarani bila kugusa breki ya nyuma kwa muda, nyunyizia diski matone ya maji, yakichemka na kuruka basi hiyo breki imekuwa ikifanya kazi safari nzima.

Na spidi pia uwe mkweli nayo. Nguvu ya upepo inaenda na spidi mara yenyewe, kutoka 90 hadi 120 inapanda karibu mara 1.8, na hayo maboksi ya pembeni yanaongeza. Mtu aliyekuwa anatembea 90 akaanza kutembea 120 hana haja ya kutafuta fundi.

Msafiri_Makambako:
Asanteni sana wakuu. Nimepima kwa utaratibu wa mzee, stendi ya katikati, pampu ileile, ni 16 kamili. Kilomita za simu na dashibodi zinakaribiana. Upepo uko sawa. Gurudumu la nyuma linazunguka vizuri, diski haina joto la ajabu. Spidi ni ileile ya 90 hadi 100, kwanza mbugani pale ni 70 na naiheshimu.

Fundi wa Buguruni:
Mkuu nimesoma maelezo yako mara mbili na kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita ambayo mimi ndo yamenishtua. Moja, kwenye baridi inakula zaidi. Pili, rejeta ilizibwa na tangu hapo "joto halijanisumbua hata Kitonga". Naomba ujibu hili: ukiwa unatembea 90 pale Mafinga asubuhi, vile vipande vya geji ya joto vinakaa wapi? Vikishuka kabisa ukiwa kwenye mwendo na kupanda ukisimama kwenye foleni, basi thamostati yako (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta) ama imekwama wazi ama haipo kabisa.

Hii nakutana nayo kila mara. Piki ikichemsha, kuna mafundi kitu cha kwanza wanafanya ni kung'oa thamostati na kutupa, wanamwambia mteja hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Mteja anaondoka na furaha sababu geji haipandi tena, hajui ameanza kulipia sheli.

Kazi yake ni hii. Injini ikiwa ya baridi thamostati inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate moto haraka, ikifika kama nyuzi 80 hivi inaanza kufunguka na inajirekebisha yenyewe kuiweka injini kwenye joto lake. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na ukiwa mwendoni upepo wa Mafinga unayapoza kuliko injini inavyoyapasha. Sasa kuna sensa ya joto la maji inayoongea na kontroli boksi (kompyuta ya injini), ikisema injini bado ya baridi kontroli boksi inaongeza petroli, kama ile choki ya kabureta ya zamani, tofauti ni kwamba hii huivuti wewe na huioni. Taa ya injini haitawaka kwa sababu sensa ni nzima, inasema ukweli mtupu kwamba injini ni ya baridi. Dar kwenye foleni inapata joto, inarudi kawaida. Ndo maana inakula huko kwenu zaidi.

Fanya hivi bila kufungua kitu: asubuhi injini imelala usiku kucha, iwashe, shika mpira wa juu unaoingia rejeta (angalia mkono usiguse feni). Kama thamostati ni nzima, mpira unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa halafu ghafla unakuwa wa moto. Ukiona unaanza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, jibu umepata. Toa na plagi moja uitazame, na fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utando mweupe kwa chini na kama oili inanuka petroli.

Kijana wa Tabata:
Fundi lakini huku kwetu si joto kweli? Mimi Boxer yangu haina rejeta wala thamostati na inatembea mwaka wa ngapi sasa.

Fundi wa Buguruni:
Boxer inapozwa na upepo mdogo wangu, imeundwa hivyo tangu kiwandani, haina maji ya kudhibiti. Ya huyu ni ya maji na kompyuta yake imepangwa ikitegemea lile joto. Na injini ikipoa kupita kiasi sio mafuta tu, petroli isiyoungua inateremka kwenye oili inaifanya nyepesi, na mvuke wa maji hautoki, ndo ule utando. Hiyo inakula ringi na beringi polepole. Hata Dar nyuzi 32 za nje ni mbali sana na 80 inazotaka injini.

Msafiri_Makambako:
Fundi Mungu akubariki. Mpira wa juu ulianza kupata uvuguvugu hapohapo. Plagi nimetoa, nyeusi, ina masizi makavu ukipitisha kidole yanatoka, na ni mpya hizi! Jana tumefungua nyumba ya thamostati na kijana mmoja anayejua kazi, ndani hakuna kitu, tupu, kuna kovu tu la pale ilipokuwa inakaa. Roho imeniuma kwa kweli, maana bili ya ile gereji haikusema lolote kuhusu kutoa kifaa. Nimeagiza mpya. Nikiipata nafunga tu au kuna la kuangalia?

Fundi wa Buguruni:
Ipime kwanza hata kama ni mpya. Sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka na kipimajoto, pasha moto taratibu. Ikifunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa kwenye mwili wake au karibu yake, funga. Kile kitundu kidogo cha kutolea hewa kielekee juu. Lile duara la mpira la kwenye nyumba yake weka jipya, la zamani litavuja tu. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, sio ya bomba, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, tikisa piki kushoto na kulia hadi mapovu yaishe, ongeza, funga. Ikishapoa angalia tena kiwango. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, utaungua. Na oili badilisha tena hata kama kilomita zake hazijafika, hiyo iliyomo imeshakunywa petroli.

Msafiri_Makambako:
Wakuu narudi na majibu. Imefungwa, oili mpya. Nimetoka Dar hadi Makambako kwa mwendo uleule na maboksi yaleyale, geji ya joto imekaa katikati hata Mafinga alfajiri, na nimepata 20.6 kwa lita. Mikumi nimepita tenki bado lina mengi. Plagi nimezisafisha nikazirudisha, nikizitoa tena nitaleta picha. Mzee wa Gia Sita na ndugu wa Nakuru asanteni sana, bila kupima vizuri ningekuwa bado nabadilisha vitu kwa kubahatisha.

Dereva wa Nakuru:
Safi sana ndugu. Sasa kuhusu feni ya rejeta, hakikisha inawaka kweli. Kama piki iliwahi kuchemsha kabla hawajang'oa thamostati, huenda feni au mfuniko wa rejeta ndiyo ilikuwa na shida, na bila thamostati ilikuwa imefichika. Iache isimame ikiunguruma kwa dakika kumi na tano hivi, feni ikiwaka yenyewe na joto likashuka uko sawa.