Je, ipo programu moja ya kupokelea ujumbe wa WhatsApp, Telegram na Instagram?

Muuza leso, Barabara ya Biashara
Asalaam aleikum. Nina duka la leso, na wateja wangu siku hizi huniandikia popote wapendapo: wa Lamu hutumia WhatsApp, wa Muscat wamezoea Telegram, na mabibi harusi huniletea picha kwa Instagram. Wiki iliyopita agizo la pea 12 lilikaa Instagram siku tatu bila mimi kuliona, na nilipolifungua mteja alikuwa keshanunua kwa jirani yangu. Je, ipo programu itakayonikusanyia yote haya, na ni salama kuiingiza katika mazungumzo yenye anwani za watu na ujumbe wa malipo ya M-Pesa?

Fundi wa kompyuta, Makupa
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Zipo za namna mbili, na watu huzichanganya. Franz, Rambox na Ferdium ni za kompyuta, nazo hufanana na nyumba moja yenye vyumba vingi: kila huduma hufunguka chumbani mwake kama ilivyo kwenye tovuti yake, nawe bado utazunguka chumba hadi chumba. Beeper, ambayo kampuni ya Automattic iliinunua mwaka 2024, huziweka jumbe zote katika orodha moja, hata kwenye simu. Upande wa WhatsApp, Beeper huingia kama kifaa kilichounganishwa, sawa na WhatsApp ya kwenye kompyuta. Huruhusiwa vifaa vinne pamoja na simu yenyewe, na ukikaa zaidi ya siku 14 bila kuifungua WhatsApp simuni, vifaa hivyo hutolewa. Kwa hiyo usije ukaifuta ile ya asili.

Mhasibu, Kizingo
Kuhusu usalama, ndugu, ujumbe wa WhatsApp husafiri umefumbwa, na programu yoyote ya kati haina budi kuufumbua ndipo ikuonyeshe. La kuuliza ni kwamba unafumbuliwa wapi: ndani ya simu yako, au kwenye seva ya watu usiowajua? Beeper ilianza kwa kutegemea seva zake, na mwaka 2025 ikaleta njia ya kuunganisha ndani ya kifaa chenyewe, ambayo mimi naiona afadhali. Jambo la pili ni kwamba mwenye huduma aweza kufunga mlango wakati wowote, kama Apple ilivyoizuia Beeper Mini, programu ya kutumia iMessage (huduma ya ujumbe ya Apple) kwenye simu za Android, siku chache tu baada ya kutolewa Desemba 2023.

Mkaazi wa Mji wa Kale
Mwanangu, mbona usiweke kiungo cha WhatsApp kwenye ukurasa wako wa Instagram, ukawaomba wateja waagize huko tu?

Muuza leso, Barabara ya Biashara
Shikamoo mzee. Kiungo kipo tangu mwaka jana, lakini bibi harusi akishaiona leso kwenye picha huuliza bei papo hapo, na ukimwambia ahame huenda kwa mwingine. Nitaanza kuunganisha Instagram na Telegram peke yake, na WhatsApp, yenye habari za malipo, nitaiacha ilipo.