Konde la Micheweni, nitajuaje ni ardhi ya daraja gani?

pwani_kaskazini:
Asalaam alaykum wadau. Kuna konde naoneshwa huku Micheweni, Pemba, eka mbili na kidogo, muuzaji anaapa ni ardhi ya daraja la kwanza, na kweli juu udongo mweusi mzuri tu ila kuna majiwe yanachomozachomoza. Nataka migomba na vanila kidogo. Sasa hiyo daraja anaipanga nani, na mtu wa kawaida atajuaje kabla hajatoa pesa?

bibishamba:
Waalaykum salaam. Kwanza sema unapanda nini ndio tuseme daraja. Wataalamu wengi wanafata utaratibu wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 1976: S1 inafaa sana, S2 inafaa kiasi, S3 inafaa kwa taabu, N haifai, na konde hilo hilo linaweza likawa S3 kwa muhogo na N kwa karafuu. Kinachoamua aghlabu ni ile kasoro kubwa kuliko zote, hata rutuba iwe nzuri vipi, mwamba ukiwa sentimita 20 chini mwamba ndio wenye kauli. Hapo nahisi ni maweni, weusi wa juu ni majani yaliyooza, chini jiwe la matumbawe. Chukua mtaimbo upige pahala pengi, sio pale alipokuonesha yeye tu.

yakhe_wete:
Msimtishe mwenzenu, wazee wetu maweni wamelima mtama na muhogo na kunde, wakichoka pahala wanahama. Ila migomba yakhe hapana, kiangazi kimoja tu kwisha habari. Halafu uliza unanunua nini hasa, ardhi kwetu Zanzibar kisheria ni ya serikali, wewe unapata haki ya kuitumia, na kuna watu wanauza miti mnunuzi anadhani kanunua na udongo.

mama_bonde:
Mie nnalima mpunga bondeni, shida yetu chumvi, maji ya bahari yanapanda, na chumvi huioni kwa macho mpaka mpunga ushaungua ncha. Kwa hiyo pima. Teka udongo wa juu wa sentimita 20, pahala 15 mpaka 20 ukienda zigizaga, changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati ina zinki itakuharibia majibu), anika kivulini, nusu kilo inatosha. Kaulizie kwa watu wa utafiti wa kilimo Matangatuani.

bibishamba:
Na siki mama, asisahau siki. Mimina kwenye udongo, ukitoka povu kuna chokaa, pH (kipimo cha uchachu, 7 ndio katikati, ikizidi hapo uchachu hakuna) inaweza kufika 8, chuma na zinki vimo lakini mmea hauvipati, majani yanakuwa manjano na mtu anazidi kumwaga mbolea bure.

pwani_kaskazini:
Ahsanteni sana. Leo nimekwenda na mtaimbo, upande wa njiani jiwe kila pahala, nyuma kwenye kibonde unazama mpaka karibu wote. Nikamwambia muuzaji basi mie nataka kile kibonde, ananambia kile si chake, cha shangazi yake.