Mbita au Naivasha kwa mtu wa baiskeli na kasia?

Wadau, hamjambo. Mimi na mke wangu tumekaa Kisumu miaka tisa na sasa tunatafuta mji mdogo zaidi. Kazi yangu naifanyia nyumbani, mradi stima na intaneti ziwepo. Ninachotafuta ni barabara ya baiskeli ambayo lori halitanisukuma mtaroni, na maji ya kupigia kasia.

Nina kayaki ya plastiki. Mwezi uliopita magugu maji yalinizingira karibu na Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nikabaki kuyang'oa kwa mikono kama mtu anayepalilia mahindi, wavuvi wakinicheka. Walinivuta kwa kamba mwishowe.

Naivasha naipendea Hell's Gate, mbuga unayoruhusiwa kuingia na baiskeli ukapita kando ya pundamilia. Lakini viboko wa ziwa lile wananinyima raha. Moyo wangu uko Mbita, mji mdogo kando ya Ziwa Victoria: unavuka daraja hadi Rusinga, unazunguka kisiwa, jioni unashusha kayaki. Viboko wapo huko pia, najua, msinikumbushe.

Mke wangu ana hoja moja tu, na ni nzito: kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoupata ukigusa maji ya ziwa. Wenyeji wa Mbita, nyinyi mnajikinga vipi? Mnameza dawa kila baada ya muda gani? Upepo wa mchana je, unatulia saa ngapi? Na fundi wa baiskeli za gia yupo, au nitakuwa nikipanda feri kwenda Luanda Kotieno kisha matatu hadi Kisumu kwa sababu ya cheni?

Homa Bay pia nimetajiwa. Aliyeishi huko aniambie ukweli.