Dakota ya zamani ya Airfix 1/72: ribiti nipige msasa au niache? Na rangi za Burma

Mjukuu wa Keya
Wakuu habari za leo. Nimepata boksi la zamani la ndege ya plastiki ya kuunganisha, Dakota (ndege ya mizigo) ya kampuni ya Airfix, skeli ya 1/72 yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, nimelinunua kwenye mnada wa mitumba hapa Leicester, ni ile moldi (kalibu) iliyotoka mara ya kwanza 1960, haijaguswa, vipande vyote bado vimo kwenye fremu zake. Ila bawa la kushoto limejipinda, ukililaza mezani ncha inanyanyuka karibu sentimita nzima, na stika zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Halafu hizi ribiti (vichwa vya misumari ya mabati) jamani, bodi zima vipele vitupu, ukipitisha kidole ni kama ganda la fenesi. Nizipige msasa ziishe au?

Sitaki kuifanya ile ya uvamizi wa Normandy yenye mistari myeupe na myeusi. Babu mzaa mama alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles), alipelekwa Burma 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alikuwa anatuhadithia mvua za bonde la Kabaw, magari yamezama topeni hadi ekseli, chakula kinatoka juu, magunia yanasukumwa mlangoni mwa ndege. Yeye aliiita ndege ya mchele. Nataka nimtengenezee mama hiyo hiyo aiweke kabatini. Rangi zake zilikuwaje?

Fundi Plastiki
Karibu mkuu. Kwanza osha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, vina mafuta ya moldi, rangi haitashika. Bawa usilinyooshe likiwa kavu, plastiki ya miaka hiyo inavunjika pwaa. Lizamishe kwenye maji ya moto ila yasiwe yanachemka, dakika moja hivi, linyooshe kidogo kupita usawa kisha haraka kwenye maji ya baridi, rudia mara tatu nne bila papara.

Ribiti mimi napiga msasa. Piga hesabu, kichwa cha nusu milimita kwenye 1/72 ni sentimita 3.6 kwenye ndege yenyewe, hakuna ribiti kama hiyo. Msasa wa maji namba 600, taratibu.

Bibi wa Brashi
Hapana kaka Fundi, hapo sikubaliani nawe kabisa. Mistari ya mabati kwenye moldi za zamani nayo imeinuka, ukisaga ribiti unasaga na mistari, unabaki na bodi laini kama sabuni na kuichonga upya ni kazi ya mwezi. Pitisha msasa mara mbili tu vichwa vishuke, visiishe. Ukipaka rangi iliyokolea halafu ukasugua brashi kavu yenye rangi hafifu juu yake zinaonekana vizuri mno.

Na vioo vya rubani bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, supaglu inaacha ukungu ndani na hautoki tena. Uzito puani usiweke, Dakota inakalia gurudumu la mkia.

Salim Skeli72
Mjukuu, mistari myeupe na myeusi sahau, hiyo ni ya Juni 1944 huko Ulaya. Dakota za Waingereza kule Burma, kama za skwadroni ya 31 na ya 194, juu kijani cha zeituni na chini kijivu. Kikubwa ni zile duara za alama ya jeshi la anga: hazina nyekundu! Wajapani alama yao ilikuwa jua jekundu, kwa hiyo nyekundu ikaondolewa isije ikawachanganya wapigaji, ikabaki bluu iliyokolea nje na bluu hafifu katikati, na alama ya mkiani vivyo hivyo. Kwa hiyo stika zako za njano hazikuumizi kichwa, tafuta seti ya stika za Burma. Zile herufi ndogo ukizitaka bandika karatasi dirishani kwenye jua siku kadhaa njano itapungua, halafu zipulizie vanishi kabla ya kuzitia majini la sivyo zitapasuka vipande.

Na mlango wa nyuma kushoto uache wazi, mchele ulitokea hapo. Mwingine ulitupwa bila parachuti. Jamaa wa divisheni ya 11 walifika Kalewa Desemba 2, 1944, sehemu kubwa ya njia wakilishwa na ndege. Heshima kwa mzee wako.

Mjukuu wa Keya
Asanteni sana wote. Bawa limenyooka, imebaki kama milimita mbili. Ribiti nimemfuata Bibi. Sasa nashona vigunia vya kitambaa, kimoja kama punje ya mahindi, nitavipanga pale mlangoni. Mama kauliza mbona hakuna askari wa kusukuma, kwa hiyo naomba mwenye kujua zinapopatikana sanamu za 1/72 za watu waliopiga magoti.