Euro: sarafu moja, hazina 21. Nani anafaidi na nani anaumia?

Mleta mada: Wakuu, tuongee hili la euro maana naona watu wanaisifia kama haina doa. Urahisi wake sibishi. Zamani ukitoka Ujerumani ukapita Austria mpaka Italia unabadilisha pesa mara mbili na kila dirisha linakukata chake, toka 2002 unavuka na noti ileile, na mfanyabiashara halali macho kisa lira imeshuka.

Shida ni kwamba riba inapangwa Frankfurt, kwenye Benki Kuu ya Ulaya, moja kwa wote, halafu kodi na matumizi kila nchi kivyake. Ugiriki walivyoingia 2001 wakawa wanakopeshwa kwa riba karibu sawa na Mjerumani, sasa nani angekataa, wakakopa weee, mpaka 2009 serikali mpya inaingia inasema jamani nakisi (pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali) ni kubwa kuliko mlivyoambiwa. Wangekuwa na drakma, sarafu yao ya zamani, wangeishusha thamani, watalii wakaona bei poa wakajaa. Drakma haipo, kwa hiyo kilichoshuka ni mishahara na pensheni. 2013 wasio na kazi walipita asilimia 27, na 2015 ATM zikawa zinatoa euro 60 tu kwa siku.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu unaibebesha euro dhambi za wanasiasa. Masharti ya Maastricht, ule mkataba wa kuingia euro, yalikuwa wazi, nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi 60, wao wakapika takwimu. Na hiyo kushusha sarafu unaiongelea kirahisi mno, mafuta na dawa vinapanda siku hiyohiyo, sisi wa shilingi hatuhitaji kufundishwa hilo. Halafu mbona hawakutoka? Julai 2015 kwenye kura ya maoni asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji, ila euro wakabaki nayo.

Mleta mada: Kupika walipika, sikatai. Ila Ujerumani na Ufaransa nao walivuka hiyo 3 mwaka 2003 na hakuna aliyepigwa faini. Na Hispania na Ireland je? Deni la serikali zao kabla ya 2008 lilikuwa dogo tu, kilichowaponza ni mikopo ya nyumba, bei za majumba zinapaa huku riba ya Frankfurt kwao iko chini mno na hawana uwezo wa kuigusa. Hapo nani kapika?

Mchangiaji wa pili: Hapo umenishika. Mi nawaangalia Sweden, 2003 walipiga kura wakakataa, krona yao ipo na biashara na hao wa euro inaenda. Bulgaria wameingia Januari 2026 lakini lev yao ilishafungwa kwa euro, kwa kiwango kisichobadilika, miaka mingi, walikuwa hawana cha kupoteza. Sasa turudi nyumbani, Jumuiya ya Afrika Mashariki walisaini itifaki ya sarafu moja 2013 pale Kampala, ikapangwa 2024, ikasogezwa 2031. Siku mmoja wetu akikwama kama Ugiriki, hela ya kumkwamua inatoka mfuko wa nani?